Wimbo wa Saba, Vyombo Viliponyamaza

3 Machi
Kwenye kibanda cha kunyolea

Shemeji Spana,

Sisi huku wazima, ukiondoa mashine yangu moja ya kunyolea ambayo imeanza kung'oa nywele badala ya kuzikata. Mteja wa kwanza leo ameondoka na nusu kichwa, akasema atarudi hasira zikipoa. Nakuandikia nimekaa kwenye kiti chake.

Kwanza nikugombeze. Mtu anazika mke, wiki sita baadaye anamaliza albamu, wiki ya saba anapanda lori la dizeli na kwenda kutunza pampu za maji mahali ambapo hata simu haishiki. Umeniachia flashi mezani na kikaratasi: "Iko tayari. Itoe. Hamieni hapa, nyumba isikae tupu." Ningekuwa mkeo ningesema nimeachwa. Basi tumehamia, mimi na Mama. Yeye kachukua chumba chenu, mimi nalala sebuleni. Chumba cha studio nimekifunga na ufunguo nimeuweka mbali na macho yangu.

Mama umemloga wewe. Jana alikuja jirani kumsalimia, wakaingia kwenye habari za mabinti, naye akasema kama anavyosema kwa kila anayekaa dakika mbili: wangu amekufa, lakini hakufa peke yake, mkwe wangu alimshika mkono mpaka pumzi ya mwisho. Akishasema hivyo anatulia. Nakwambia, neno hilo ndilo linalomwinua kitandani asubuhi. Mimi nilikuwa safarini siku ile, nilikuta watu wamejaa uani. Kwa hilo ulilomfanyia dada yangu sina cha kukulipa mpaka naingia kaburini.

Sasa habari njema. "Ukuta wa Godoro" imepokelewa, shemeji! Watu wawili wasio na jina, vyumba viwili vya kupanga, maiki ya mtumba, na bado imepokelewa. Kuna mchambuzi ameandika, nimekunakilia kwa mkono kwa sababu gazeti lenyewe Mama kafungia vitu:

"Kwa muda mrefu hatujasikia andagraundi ya namna hii. Mistari ya Wembe ni mikali kama maji ya betri, na biti za Spana zinatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Ushirikiano wa mashemeji hawa wawili utakumbukwa."

Umeona? Kizuri chajiuza. Natamani Jaji angekuwepo asikie, maana wachambuzi wote ni wanafunzi wake. Unakumbuka tulivyohangaika? Tumepanga magodoro ukutani, tumefunga mlango, na bado ile maiki yenye masikio kuliko mbwa inanasa dada anavyoosha vyombo jikoni. Tukamwomba aache, akasema sahani hazijioshi. Mpaka tukagundua kwamba nikitema mstari wa hovyo vyombo vinaendelea kugongana, na nikitema mstari wa maana vinanyamaza, anasikiliza. Tangu hapo tukamwita Jaji, na hatukupitisha kitu bila yeye. Vyombo vikinyamaza, umepita. Vikiendelea, kafie mbele.

Andika, hata mistari miwili. Dereva wa lori anapita kwangu kunyoa kila baada ya wiki mbili, ndiye posta yetu.

Wako,
Wembe

*

19 Machi
Kituo cha pampu

Shemeji,

Barua imefika na alama ya grisi, dereva aliiweka kwenye kisanduku cha vifaa. Nimeisoma mara tatu.

Hapa kuna pampu tatu. Ya kwanza nzima, ya pili inakohoa, ya tatu ni ya kufanyia maombezi. Kazi yangu ni kuzisikiliza. Fundi wa pampu haangalii sana, anasikia. Beringi ikianza kufa inalia sauti yake siku nyingi kabla haijakatika. Msimamizi amenipa vya kuziba masikio kwa sababu kelele ni kali mno. Sivai. Ameshaniandikia onyo, nikatia sahihi. Sitaki kitu chochote masikioni.

Chakula nakula, mwambie Mama. Mwambie pia shati alilonishonea kifungo bado lina kifungo.

Huo uchambuzi ni mzuri. Nashukuru umenakili. Lakini nina ombi moja, na usinicheke. Wanasemaje kuhusu wimbo wa saba? Sitaki sifa za albamu nzima. Wa saba peke yake. Kama kuna mtu yeyote ameutaja, hata kwa ubaya, niandikie alichosema neno kwa neno.

Hayo ya mkono, mwambie Mama asiwe anayasema sana kwa watu. Si lazima.

Spana

*

2 Aprili
Kwenye kibanda

Shemeji,

Wewe na unyenyekevu wako. Mtu katenda jambo la kiume halafu anataka lifichwe chini ya mkeka. Nilimsomea Mama hicho kipande, akasema ndiyo maana anakupenda, mtu mwema hajitangazi, kisha akaenda kumhadithia mwenye duka.

Umeuliza wimbo wa saba, na mimi sikutaka kukuliza mapema, ila kwa kuwa umeuliza mwenyewe, haya. Huyu ni mchambuzi mwingine, mkongwe, huwa hasifii mtu ovyo:

"Lakini moyo wa albamu uko kwenye wimbo wa saba. Beti mbili za kwanza ni za kujigamba, kisha unakuja ubeti wa tatu na msikilizaji anasahau kupumua. Wembe anamlilia dada yake: 'Wengine hufa wakiita, hakuna wa kuitika, dada aliita mara moja, mume akamshika, mkono kwa mkono mpaka pumzi ikakatika.' Mistari kumi na sita inayochoma kama maji ya betri. Huyo mume, ambaye ndiye aliyetengeneza biti, amepewa heshima ambayo wanaume wachache huipata wakiwa hai."

Nilipoisoma nilifunga kibanda mchana kweupe. Unajua ubeti ule niliurekodi wiki mbili baada ya mazishi, wewe umekaa kwenye mashine umenipa mgongo, na nilipomaliza hukugeuka. Nikajua unalia. Sasa dunia nayo imejua ulichomfanyia. Usiwe na wasiwasi, shemeji, tumefika.

Watu wanauliza albamu ya pili. Nawaambia fundi wangu yuko kwenye pampu anatafuta mapigo mapya.

Wembe

*

17 Aprili
Kituoni

Wembe,

Uchambuzi huo umeuandika wewe.

Ungenidanganya kwa mengine, si kwa hilo. Achana na maji ya betri, ambayo sijawahi kumsikia binadamu mwingine akiyatia kwenye sentensi. Ubeti wa tatu haumo kwenye wimbo wa saba. Niliutoa kabla sijaondoka. Kwenye flashi niliyokuachia haumo, na kwenye kila nakala iliyotoka haumo. Hakuna mchambuzi duniani anayeweza kuusifia.

Kwa hiyo nimejua mambo mawili: hakuna aliyetusifia, na wewe albamu yetu hujawahi kuisikiliza hata mara moja.

Sikasiriki. Niambie tu ukweli. Nani ameandika, na amesema nini.

Spana

*

30 Aprili
Nyumbani kwako

Spana,

Hukasiriki wewe? Basi nitakasirika mimi kwa niaba ya wote.

Ndiyo, nimeandika mimi. Zote mbili. Mwamba ngoma huvutia kwake, nami nilivutia kwetu sote wawili. Nilikuona umeondoka na sura ya mtu asiyekusudia kurudi, nikasema moyoni, huyu akijua kazi aliyoimaliza kwa machozi imepita kama upepo wa feni, atakaa huko huko mpaka aote kutu. Unataka ukweli? Tulitoa nakala mia mbili. Mtangazaji mmoja alipiga wimbo wa kwanza nusu, akaingiza tangazo la rangi za kuta, hakuurudisha. Mmoja mtandaoni aliandika kwamba tunasikika kama watu walioshiba wali wakarekodi kabla hawajanawa. Wateja wangu wananiambia "kali sana" huku wembe wangu uko shingoni kwao, sasa hiyo ni sifa au ni kujiokoa?

Na ni kweli sijasikiliza. Siwezi. Kila wimbo wa zamani una vile vyombo kwa mbali, hata ungesafisha vipi. Nikibonyeza sekunde tano tu nahisi nitamsikia, naacha. Nimeitoa albamu kama mtu anayepitisha sahani iliyofunikwa.

Lakini wewe! Nilisimama mbele ya maiki ile wiki mbili baada ya kumfukia dada yangu, nikautoa ubeti ule mara moja bila kurudia. Ndio pekee niliowahi kumtungia. Nawe ukakaa kimya, ukasubiri nitoke, ukaufuta. Umemfuta dada yangu. Kwa nini? Kwa sababu nilikusifu? Mtu gani anaona aibu kusifiwa kwa kumshika mkewe mkono?

Yupo mmoja aliyeandika kweli. Mchambuzi wa gazeti la Jumamosi, mwalimu mmoja mwenye miwani, namjua kwa picha ya gazetini tu. Sikukutumia kwa sababu nilidhani ametudhalilisha, anadai tumerekodi jikoni. Nilimwandikia barua ya matusi ukurasa mzima nikimwambia asafishe masikio, ubeti wa tatu upo. Kumbe mjinga ni mimi. Kipande chenyewe kimo ndani ya bahasha, kisome na ukimeze.

Wembe

(Kipande cha gazeti kilichokuwa ndani ya bahasha)

"Sina mengi ya kusema juu ya 'Ukuta wa Godoro' ya Wembe na Spana. Mchanaji ana pumzi kuliko mawazo, na nyimbo nne kati ya tisa zingeweza kubaki nyumbani. Nisingeandika kabisa kama si wimbo wa saba. Baada ya ubeti wa pili, sauti ya mtu inaondoka. Ngoma zinashuka mpaka karibu hazipo. Kwa mistari kumi na sita hatusikii mtu akichana; tunasikia mtu akiosha vyombo. Sahani, maji, sufuria yenye kitu kilicholegea. Hakuna haraka. Kisha vyombo vinanyamaza, na baada ya kimya kifupi biti inarudi peke yake, kama haijui kilichotokea. Mwanzoni nilidhani ni uzembe wa studio, kelele za jikoni. Nimeusikiliza mara kumi na moja. Sijui anayeosha ni nani, wala sijui kwa nini nilikaa na kalamu mkononi nisiweze kuandika. Najua tu kwamba aliyeuweka mlio ule hapo alikuwa na jambo la kusema kuliko wote waliochana."

*

9 Mei
Nyumbani kwako

Shemeji wangu,

Sijasubiri jibu lako. Nikisubiri nitapasuka.

Barua yangu ile ya hasira niliyokutumia, ichome. Baada ya kuituma nilikaa na hasira siku nzima, nikasema ngoja nikahakikishe huyu shemeji alivyoniharibia kazi. Nikautafuta ufunguo wa studio. Nilikuwa nimeuficha mwenyewe na bado nikautafuta saa nzima. Nikafungua. Vumbi, magodoro yako ukutani, kiti chako, na kikombe chenye alama ya chai chini. Nikawasha mashine, nikaruka moja kwa moja mpaka wimbo wa saba.

Mama alikuwa anakunja nguo sebuleni. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi. Ulipofika pale penye vyombo, nilisikia hatua zake. Akaja akasimama mlangoni na shuka mkononi. Akasema, "Hiyo ni sufuria yangu." Nikamwambia ni wimbo, Mama. Akasema anajua ni wimbo, lakini sufuria ni yake, ndiyo aliyompa siku ya kuolewa, mpini wake umelegea na ukiisugua unagonga hivyo. Akakaa chini palepale, mtu wa miaka sabini, kwenye sakafu.

Kisha vyombo vikanyamaza.

Shemeji, vilinyamaza! Nikaruka. Nikamwelezea Mama, alikuwa hajui habari za Jaji, nikamwambia vyombo vikinyamaza maana yake mstari umepita, dada amesikiliza, amekubali. Mama akacheka. Nakuapia, amecheka, mara ya kwanza tangu tumzike, akasema binti yake hakuwahi kuacha kazi kwa ajili ya upuuzi, kwa hiyo lazima ulikuwa wimbo mzuri. Tukarudia mara nne. Kila tukifika pale anasema, "Hapo. Amepitisha."

Nimekuelewa. Ulitoa ubeti wangu ukamweka yeye mwenyewe. Mimi nilimsemea, wewe ukampa nafasi aseme. Na yule mwalimu wa miwani alisikia kitu ambacho mimi kaka mtu niliogopa kukisikia. Nimeshamwandikia kuomba radhi.

Mama anauliza kama kuna zaidi. Mkanda huo ulipoukata, nyuma yake kuna nini? Hata dakika mbili. Anasema angetaka kusikia akimaliza kuosha na kuweka sahani kabatini.

Rudi nyumbani. Hapa hakuna anayekudai neno.

Shemeji yako,
Wembe

*

21 Mei
Kituoni

Wembe,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Dereva aliisahau ya kwanza kwenye kile kisanduku. Nimesoma ya hasira, nikasema namjibu leo. Nikasoma ya pili, na tangu hapo nimekaa siku nne bila kushika kalamu.

Ningeweza kunyamaza. Mama anacheka, wewe umesamehe, na mimi nikinyamaza kila mtu anakula chakula chake. Lakini umeniuliza nyuma ya pale kuna nini, na nimeshawadanganya mara moja, sitaki mara ya pili.

Mlio ule ni wa siku ile.

Asubuhi tulikuwa tumerekodi kiitikio, mimi na wewe, kabla hujasafiri. Ulipoondoka nikavaa hedifoni nipange ngoma za wimbo wa saba. Maiki sikuifunga. Wewe unanijua, miaka yote sijawahi kuacha maiki wazi, siku hiyo nikasahau. Yeye alikuwa jikoni anaosha. Mimi nilikuwa ndani, magodoro pande zote, hedifoni masikioni, sauti nimepandisha mpaka juu kwa sababu kulikuwa na besi iliyokuwa inanisumbua. Nilikaa hivyo dakika arobaini na moja. Najua ni arobaini na moja kwa sababu mashine imeandika.

Nilitoka kumwomba chai.

Mkono nilimshika, shemeji. Huo si uongo. Nilikaa sakafuni nikaushika, lakini ulikuwa umeshapoa. Majirani walipoingia walinikuta hivyo, mtu mmoja akasema, angalau hakuwa peke yake, na mimi sikukanusha. Kesho yake Mama akaniuliza, "Ulikuwa naye?" Alikuwa ananitazama namna ambayo hata wewe ungeitikia. Nikasema nilikuwa naye. Nikasema alifia mkononi mwangu. Tangu hapo neno likawa lake, akawa analitembeza kwa watu, na kila akilisema mimi nazama.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, kwamba hata ningekuwa nimesimama pembeni yake isingesaidia kitu. Nimejiambia hivyo kila siku. Haisaidii, kwa sababu sikutakiwa kumponya. Nilitakiwa kuitika tu.

Wiki moja baada ya mazishi niliwasha mashine, nikakuta ile maiki imerekodi. Nikasikiliza. Vyombo, maji, ile sufuria. Halafu vikanyamaza. Na ngoja nikwambie kitu ambacho sijui kama Mungu atanisamehe: vilipoanza kunyamaza, kwa sekunde moja, nilifurahi. Kwa mazoea. Nikasema moyoni, Jaji amepitisha.

Kisha akaniita. Mara mbili. Si kwa kelele. Aliita jina langu la nyumbani, kama anavyoita chakula kikiwa tayari. Ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Halafu sufuria ikaanguka.

Hayo ndiyo yaliyo nyuma ya pale nilipokata.

Wewe ukaja na ubeti wako. "Wengine hufa wakiita, hakuna wa kuitika." Nilikupa mgongo kwa sababu ungeuona uso wangu ungejua. Mstari huo ndio wa kweli kuliko yote uliyowahi kuandika, ila ulidhani unawahusu watu wengine. Nisingeweza kuacha wimbo uende duniani ukinisifu. Niliuondoa ubeti nikamweka yeye, mpaka pale tu, kabla hajaniita. Nilishindwa kuifuta sauti yake na nilishindwa kukaa nayo peke yangu. Nikaificha mahali nilipodhani hakuna atakayesikia. Nani anasikiliza wimbo wa saba wa albamu ya andagraundi? Kumbe mtu mmoja alisikiliza, mara kumi na moja.

Kila nilipouliza wamesemaje juu ya wa saba, nilikuwa nauliza kama nimeshajulikana. Sijui nilikuwa naogopa au nilikuwa natamani.

Mama mwambie au usimwambie, wewe ndiye mwanawe. Mimi sikuombi kitu.

Spana

*

27 Agosti
Nyumbani kwako

Shemeji,

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Wiki ya kwanza nilitaka kuja huko nikupige, na sikutanii, nilimuuliza dereva lori linaondoka saa ngapi na kama kuna nafasi mbele. Wiki ya pili nilimkata mteja sikio. Baada ya hapo sikutaka kitu. Dereva alikuwa anakuja kunyoa, ananiuliza kama kuna barua ya kupeleka, nasema hakuna. Aliniambia umekonda. Nikamwambia akae vizuri nisimkate.

Mama sijamwambia. Nilijaribu mara mbili. Ya kwanza nilianza, "Mama, kuhusu ile siku," naye akanikatiza kwa furaha, "Ile siku mkwe wangu alimshika mkono," na mimi nikaishia hapo. Ya pili sikufungua hata mdomo.

Sasa nikwambie nilipofika. Kila jioni nikirudi kazini, Mama ananisubiri kwenye kiti chako pale studio. Hataki nyimbo nyingine, anataka wa saba tu. Nawasha. Zinakuja sahani, yanakuja maji, inakuja sufuria yake. Anatabasamu. Vikinyamaza anainua kidole na kusema, "Hapo. Amepitisha." Ananigeukia anisubiri. Nami naitikia, "Amepitisha, Mama."

Kila jioni, shemeji. Wewe uongo wako uliusema siku moja ukakimbilia kwenye pampu. Mimi wangu nausema kila jua linapozama, na mguu wa kukimbilia sina. Nimehesabu kimya kile kina muda gani kabla biti haijarudi. Ni kama pumzi mbili. Mama anafurahi ndani ya zile pumzi mbili, na mimi namsikia dada akiita.

Yule mwalimu wa miwani alikuja kibandani wiki iliyopita. Nilimnyoa bure, kwa ajili ya matusi yale. Akaniuliza nani alikuwa anaosha, nikasema dada yangu. Akaniuliza kwa nini aliacha. Nilikuwa na wembe mkononi, nikautoa kwanza shingoni kwake. Nikasema, alimaliza.

Sijakusamehe. Nakwambia hivyo kwa sababu mimi na wewe tumeshamaliza kuandikiana sifa za uongo. Kuna siku nakuonea huruma mpaka nashindwa kula, na kuna siku nikikumbuka dakika arobaini na moja natamani nisingekufahamu. Labda itakuwa hivyo siku zote. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ulipokuwa wako peke yako niliona ni kitu cha kunyanyuliwa kwa kidole. Umeniwekea begani, na peke yangu siuwezi. Tunaojua ni wawili tu. Haiwezekani mmoja awe huku na mwingine huko.

Ile sauti iliyobaki, usiifute. Usije nayo mbele ya Mama. Siku moja akienda kwa jirani tutafunga mlango, tutaiwasha, mara moja tu, mimi na wewe. Dada akiita, tutaitika. Najua tumechelewa.

Njoo na lori la Alhamisi. Chumba chako ni kile kile cha studio, hakuna kingine, na nimekiandaa. Magodoro yote nimeyatoa ukutani. Moja nimekutandikia, mengine nimempa Mama aongeze chini ya lake, mgongo unamsumbua. Kuta ziko tupu sasa. Jana nilimwambia Mama akae ndani ya studio afunge mlango, mimi nikasimama jikoni penye karo, pale alipokuwa anasimama dada, nikaita kwa sauti ya kawaida tu.

Mama akaitika.

Wembe